Kushoto kwa nani? Kiswahili na lugha ya taa za vyombo ziwani

"Taa ya kijani huwa upande wa kulia, nayo taa nyekundu huwa upande wa kushoto."

Ukimpa mwalimu wa sarufi sentensi hiyo aisahihishe, atairudisha bila doa. Ina kiima na kiarifu, ngeli zimepatana, na kiambishi "hu-" kimetumiwa kwa jambo la mazoea kama kinavyostahili. Kwenye insha ya mwanafunzi, mimi pia ningeitia alama ya vyema nikaendelea. Lakini leo siipimi kama sentensi ya insha. Ninaipima kama sentensi ambayo mvuvi wa Mfangano au Usenge huenda akaitegemea saa nane za usiku katikati ya ziwa. Kwa kipimo hicho sentensi ni mbovu, tena ya hatari.

Hebu tuifuate. Mvuvi amekaa ndani ya mtumbwi, giza limetanda. Mbele yake anaona taa mbili: ya kijani iko kushoto kwake, nyekundu iko kulia kwake. Anaikumbuka sentensi aliyofundishwa, anaona mambo yamegeuka. Hapo atakuwa na mawili: aikane sentensi au ayakane macho yake. Kumbe macho yake hayajamdanganya. Ile ni meli inayomjia uso kwa uso. Kushoto kwa meli ni kulia kwa anayeitazama kutoka mbele, kama vile mkono wa kulia wa mtu anayekukabili ulivyo upande wako wa kushoto. Sentensi ilisema "kulia" na "kushoto" bila kusema vya nani.

Wanaisimu huliita jambo hili deiksisi, wengine husema uelekezi. Karl Bühler, katika kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 1934 kuhusu nadharia ya lugha, alieleza kuwa maneno kama "hapa", "sasa" na "mimi" hupata maana kutokana na kitovu alichosimama msemaji. Ukimhamisha msemaji, maana inahama naye. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji Bühler amfunze hilo, kwani vionyeshi vyetu vinalijua siku nyingi. "Hii" iko kwangu, "hiyo" iko kwako, "ile" iko mbali nasi sote. Lugha yenye ustadi huo inapoandika kuhusu taa za vyombo kana kwamba mwandishi, nahodha na mvuvi wote wamesimama mahali pamoja, kosa si la lugha. Ni letu sisi tunaoitumia.

Ili tuone uzito wa kosa hilo, ni lazima kwanza tukubali kwamba taa za vyombo ni lugha. Tena ni lugha yenye sarufi kali kuliko nyingi tunazofundisha.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, zinataka taa ziwashwe tangu jua linapotua hadi linapochomoza, na pia mchana panapokuwa na ukungu au kiza. Chombo cha mtambo kikiwa safarini hubeba taa nyeupe mlingotini, inayomulika mbele na pembeni kwa tao la digrii 225. Ubavuni kina taa mbili, nyekundu kushoto kwa chombo na ya kijani kulia kwa chombo, kila moja ikiwa na tao la digrii 112.5. Nyuma kina taa nyeupe ya digrii 135. Fanya hesabu: mbili za ubavuni ukizijumlisha zinatoa 225, sawasawa na tao la ile ya mlingotini. Ongeza 135 za nyuma, utapata 360, duara kamili. Kila anayekitazama chombo, popote alipo, anaona fungu fulani la taa, na fungu hilo linamwambia chombo kimeelekea wapi.

Kwa hiyo taa hizi husomwa kwa pamoja, kama sentensi. Nyeupe juu na nyekundu chini yake: unauona ubavu wa kushoto wa chombo, nacho kinapita kuelekea kushoto kwako. Nyeupe juu na ya kijani chini: kinaelekea kulia kwako. Ukiona nyeupe, nyekundu na ya kijani kwa pamoja, kinakujia wewe. Nyeupe mbili, ya nyuma ikiwa juu kuliko ya mbele: hicho ni chombo kirefu, kwa kuwa taa ya pili ya mlingoti ni lazima kwa chombo cha mita 50 na zaidi. Nyekundu mbili zilizopangwa wima zinasema chombo kimeshindwa kujiongoza, usitarajie kikupishe. Nyekundu juu ya nyeupe, zote zikionekana pande zote, ni chombo kinachovua. Ya kijani juu ya nyeupe ni kinachovua kwa kukokota wavu.

Lugha hii ina hata kile ambacho wanafunzi wangu wa isimu hukiona kigumu, mofimu kapa, yaani maana inayobebwa na kitu kisichokuwepo. Chombo cha tanga huonyesha taa za ubavuni na ya nyuma, lakini hakina ile nyeupe ya mlingotini inayomulika mbele. Kutokuwepo kwa nyeupe ndiko kunakotangaza: "Ninakwenda kwa upepo." Nahodha akiwasha mtambo huku tanga likiwa juu, chombo chake kinahesabiwa kuwa cha mtambo na ni lazima aiwashe ile nyeupe. Asipoiwasha, amesema uongo kwa lugha ya taa.

Ina utata pia, kama lugha yoyote. Taa nyeupe moja pekee inaweza kuwa taa ya nyuma ya meli inayokwenda zake, taa ya chombo kidogo kilichotia nanga, au mtumbwi wa makasia. Kanuni zinaruhusu mtumbwi wa makasia kuwa na tochi au kandili tu, mradi imulikwe mapema kiasi cha kuzuia kugongana. Taa moja ina maana tatu, na msomaji hubaki kutegemea muktadha: inasogea au imetulia, inakua au inafifia?

Lahaja nazo zipo. Katika mito na mifereji ya Ulaya, chombo kilichobeba shehena inayoweza kushika moto huonyesha taa moja ya buluu usiku. Shehena yenye madhara kwa afya huonyeshwa kwa buluu mbili, na baruti kwa buluu tatu. Kwenye maji ya ndani ya Marekani, chombo kinachosukuma majahazi ya mizigo huwa na taa mbili za manjano nyuma, na jahazi la mbele kabisa hubeba taa ya manjano inayomemeteka. Baharia wa bahari kuu akiingia mito hiyo bila kujifunza lahaja yake, atakuwa kama Mwamrima anayesikiliza Kitikuu: maneno mengi anayatambua, lakini yale asiyoyatambua ndiyo yenye habari.

Sasa turudi kwetu. Kanuni za mwaka 1972 zinajieleza kwamba zinahusu bahari kuu na maji yote yaliyoungana nayo ambamo meli za baharini zinaweza kupita. Ziwa Viktoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe na Waganda Nalubaale, halipitiki kutoka baharini. Kwa hiyo nchi zenye ziwa ndizo zinazopaswa kutunga sheria zake na kuzifundisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya uchukuzi wa Ziwa Viktoria mwaka 2007. Imeandikwa kwa Kiingereza. Shirika la Kimataifa la Bahari lina lugha rasmi sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo. Basi kanuni zinapomfikia mvuvi kwa Kiswahili, zinakuwa zimepita mikononi mwa mfasiri, na hapo ndipo penye ugonjwa ninaoujadili leo. Ninaona makosa matatu.

Kosa la kwanza ni hilo la kulia na kushoto. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina maneno thabiti ya sehemu za chombo yasiyotegemea aliposimama mtu. Omo ni omo hata ukiitazama kutoka nyuma. Tezi ni tezi hata ukiwa majini unaogelea. Methali isemayo ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani isingekuwa na maana kama sehemu hizo zingehamahama. Lakini ukifika kwenye mbavu za chombo, Kiswahili chetu cha vitabuni kinarudi kwenye mwili wa mtu: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, au kwa wazee kuume na kuke. Mwili una mwenyewe, na asipotajwa kila msikilizaji ataweka wake.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kufufua msamiati wa majahazi: goshi na demani. Nimelisikia pendekezo hili mara nyingi, na ninaelewa utamu wake. Maneno ni yetu, yana harufu ya chumvi, na yanamvutia kila mpenzi wa Kiswahili cha pwani. Lakini kwa kazi hii hayafai. Goshi, au joshi kwa matamshi mengine, ni upande unakotoka upepo. Demani ni upande wa pili, unakokwenda upepo. Nahodha akipiga bisho, upepo ukahamia ubavu wa pili, goshi imekuwa demani na demani imekuwa goshi. Taa hazihami. Ukimwambia baharia kwamba taa nyekundu iko demanini, utakuwa umesema kweli hadi atakapogeuza tanga, kisha umesema uongo.

Si kwamba maneno hayo ni ya makumbusho. Kuna kanuni inayosema kwamba vyombo viwili vya tanga vyenye upepo upande mmoja vikikaribiana, kilicho upande wa upepo kimpishe mwenzake. Hapo Kiswahili kinaisema kanuni kwa ufupi ambao Kiingereza kinauonea wivu: aliye goshini ampishe aliye demanini. Neno la kale likirudishwa kwenye kazi yake halisi hufanya maajabu. Likilazimishwa kazi ya mwingine kwa sababu tu ni la kale, linatuletea hasara.

Wala tusidhani wenzetu walizaliwa na istilahi zilizokamilika. Kwa karne nyingi Waingereza waliita ubavu wa kulia "starboard", yaani ubavu wa usukani, na wa kushoto "larboard". Ukiwa kwenye dhoruba, upepo ukivuma, maneno hayo mawili ni kama pacha sikioni. Mwaka 1844 jeshi la wanamaji la Uingereza liliamuru "larboard" iachwe na neno "port" lishike mahali pake. Na hata baada ya hapo kulibaki tatizo jingine. Amri za usukani zilitaja upande unakosukumwa mkono wa usukani, si upande unakokwenda chombo. Ndiyo maana usiku wa Titanic, mwaka 1912, amri iliyotolewa ilitaja kulia na meli ikageukia kushoto, kama ilivyokusudiwa. Mtindo huo ulibadilishwa kwa makubaliano ya kimataifa, na Uingereza ikaanza kutumia amri mpya mwaka 1933. Taifa lenye uzoefu wote ule wa bahari lilichukua muda mrefu kujibu swali letu la leo: kulia kwa nani, kushoto kwa nini?

Kosa la pili ni kutumia neno "taa" bila kulitenga. Usiku wa giza ukitazama ziwa kutoka ufuoni, utadhani kuna mji majini. Hizo ni taa za wavuvi wa omena, samaki ambaye Mtanzania humwita dagaa na Mganda mukene. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua na betri. Kazi yake ni kumvuta samaki. Nyingine huwekwa juu ya vielezo na kuachwa zielee, mtumbwi ukiwa kando. Kwa hiyo ziwani kuna taa zisizo na chombo, na karibu nazo kuna vyombo visivyo na taa ya kuvitambulisha.

Kanuni za kimataifa zinakataza kuwasha taa yoyote inayoweza kudhaniwa kuwa ya utambulisho, au inayofifisha taa za utambulisho. Katika Kiswahili chetu katazo hilo haliwezi hata kuelezwa vizuri, kwa sababu tunaziita zote "taa". Mkufunzi akimwambia mvuvi "washa taa", mvuvi atajibu, "Si hizi hapa zinawaka?" Naye atakuwa na haki. Samaki mmoja kuwa na majina matatu hakumdhuru mtu. Sokoni watu wataelewana tu. Neno moja kuwa na taa mbili zenye kazi zinazopingana, hilo linaweza kumdhuru.

Kosa la tatu linaonekana dogo: rangi. Mwaka 1969, Berlin na Kay walidai kwamba lugha zenye maneno machache ya msingi ya rangi huanza na nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, halafu kijani au manjano. Nadharia yao imekosolewa sana, lakini sarufi ya Kiswahili inaiunga mkono kwa namna ya kupendeza. Vivumishi -eupe, -eusi na -ekundu ni vya asili na huchukua upatanisho: taa nyekundu, ubavu mwekundu. Rangi nyingine ni majina ya vitu, nazo hudai a-unganifu: taa ya kijani, taa ya manjano. Siku hizi tunasoma "taa ya nyekundu" na "taa kijani" hadi kwenye maandishi ya watu tunaotarajia wajue. Mtu atasema ninachokonoa vijimakosa. Huenda. Lakini mahali ambapo maisha yanategemea rangi mbili, ningependa maneno ya rangi hizo yawe na umbo moja, linalotamkwa vilevile Homa Bay, Mwanza na Entebbe.

Baada ya kukosoa, inanipasa kupendekeza. Maelezo ya msingi yasemwe kwa ukamilifu: ubavu wa kulia wa chombo ni ule ulio upande wa mkono wa kulia wa mtu aliyesimama chomboni akiangalia omo. Hayo ni maelezo ya kitabu. Kwa amri na mazungumzo tuzipe mbavu majina ya taa zake: ubavu wa kijani na ubavu mwekundu. Majina haya hayahami na upepo, hayahami na msemaji, na hayafanani kwa sauti. Mvuvi hahitaji kugeuka kichwani. Akiuona wekundu anajua ni ubavu gani wa chombo, hata kama uko kulia kwake. Chombo cha mtambo kikikuta chombo kingine cha mtambo uso kwa uso, kanuni inataka kila kimoja kigeukie kulia kwake. Kwa istilahi hizi tutasema "mpitane wekundu kwa wekundu", na kila mtu ataona picha moja.

Nyingine ziwe taa ya mlingotini, taa ya tezini, taa ya nanga, na taa ya kufungasia kwa chombo kinachovuta kingine, maana kitenzi "fungasa" tunacho tayari na kinalala bure kamusini. Kisha tutenge "taa za chombo" na "taa za kuvulia", ili katazo nililolitaja liweze kusemeka: taa za kuvulia zisifunike taa za chombo.

Najua pingamizi. Kwanza, mtu atauliza istilahi zitamsaidiaje mvuvi asiye na pesa za kununua taa zenyewe. Ni kweli, neno halinunui betri. Pia sisemi kwamba maafa makubwa ya ziwa hili yalitokana na taa. MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 zilihusishwa na kubeba kupita kiasi. Lakini taa iliyonunuliwa kisha ikafungwa ubavu usio wake, kwa sababu fundi alisoma "kulia" akiwa amesimama gatini akiutazama uso wa boti, ni mbaya kuliko kutokuwa na taa. Chombo kisicho na taa hunyamaza tu. Kilichobadilisha taa kinaapa kwamba kinaondoka huku kinakuja.

Pili, kuna wanaosema kila jamii ifundishwe kwa lugha yake: Kijaluo, Kisuba, Kiganda, Kisukuma. Ninaafiki kabisa kwa mafunzo ya ufuoni. Lakini usiku majini mvuvi wa Kenya hukutana na wa Uganda na wa Tanzania, na wanapopigiana kelele kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, Kiswahili ndicho hushika usukani. Mwaka 2022 viongozi wa Jumuiya waliidhinisha Kiswahili, pamoja na Kifaransa, kuwa lugha rasmi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, penye mabaharia waliorithi msamiati huu kwa mababu zao. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria iko Kisumu, penye watu wanaolijua ziwa. Taasisi hizi mbili zikae meza moja na wavuvi wenyewe, zitoe orodha ya istilahi zisizozidi ukurasa mmoja. Sitaki kamusi ya kurasa 300 itakayozinduliwa hotelini na kufungiwa kabatini.

Nasi tunaoandika magazetini na kufasiri tuanze na kilicho ndani ya uwezo wetu. Kila tunapoandika "kulia" au "kushoto" kuhusu chombo, gari, barabara au uwanja, tuongeze neno moja la kusema ni kulia kwa nani. Kihariri ni neno moja tu. Kwa aliye majini usiku, neno hilo ndilo litakalomwambia apige kasia kuelekea wapi.